Damu Iliyofichwa: Kutoka Tembe la Kwihara hadi Upasuaji Usioacha Jeraha

Tarehe 18 Februari 1872 msafara uliotoka Ujiji uliingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, huku bunduki zikilia na wapagazi wakiimba. Waliouongoza walikuwa wawili: Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, na Daktari David Livingstone, tabibu na mmisionari wa Kiskoti aliyebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 59. Walifikia katika tembe kubwa la udongo lenye kuta nene na paa bapa, mahali ambapo leo pana makumbusho yenye jina la Livingstone.

Tabora ilikuwa njia panda ya nchi nzima. Misafara ya pwani ilifika hapa baada ya mwendo wa miezi mitatu au zaidi, na kutoka hapa njia ziligawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine Karagwe hadi Buganda, nyingine Ufipa na nchi za kusini. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita hapa Novemba 1857 wakapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyewakirimu kwa wiki kadhaa. Pembe za ndovu zilikwenda pwani kwa mabega ya Wanyamwezi, na merikani, kaniki na shanga zikarudi bara kwa mabega hayohayo. Pamoja na bidhaa zilisafiri ndui, homa na kuhara damu.

Masomo yetu ya historia humtaja Livingstone kwa safari zake, maziwa aliyoyafikia na vita vyake dhidi ya biashara ya utumwa. Yanagusa kwa shida jambo moja ambalo yeye mwenyewe alilikwepa: mtu yule aliyeketi barazani Kwihara alikuwa akitokwa damu njia ya haja kubwa kwa miaka mingi. Alikuwa na bawasiri. Kuanzia siku ile aliyoingia Kwihara alikuwa amebakiza miezi kumi na minne na siku chache za kuishi, na damu hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyommaliza.

Nataka kuifuata historia ya ugonjwa huo na jamaa zake, yaani vinyama na uvimbe usio wa saratani unaoota ndani ya puru, kipande cha mwisho cha utumbo mpana chenye urefu wa sentimita 15 hivi. Ni historia inayopita Tabora na kwenda mbali. Ninaiandika kwa sababu hadi leo watu wanakufa kwa kitu ambacho dunia imekwisha kujua kukitibu, na kinachowaua ni kilekile kilichokuwapo Kwihara: mgonjwa kunyamaza, na ndani kutotazamwa.

Ushauri uliokataliwa

Livingstone alirudi Uingereza mwaka 1864 akiwa amechoka na anatokwa damu. Huko Edinburgh alikuwapo Profesa James Syme, mmoja wa mabingwa wa upasuaji waliosifika kuliko wote Ulaya, ambaye tangu 1838 alikuwa amechapa kitabu kizima juu ya magonjwa ya puru. Syme alimshauri kwa mkazo akubali kupasuliwa. Livingstone alikataa. Waandishi wa maisha yake wametaja sababu mbili. Kwanza, hakupenda ugonjwa wa sehemu ile uandikwe magazetini na kuzungumzwa na watu. Pili, aliamini kwamba damu ikitoka humpa nafuu ya mwili, na kwamba kuizuia kungeleta maradhi mahali pengine.

Tusimhukumu haraka. Maumivu ya kisu yalikuwa yamekwisha kupata dawa, maana klorofomu ilianza kutumiwa na James Young Simpson katika mji huohuo wa Edinburgh mwaka 1847. Lakini kidonda kilichokatwa vizuri kiliweza kuoza na kumwua mgonjwa baada ya wiki moja. Livingstone aliondoka Uingereza Agosti 1865. Mwezi huohuo, katika hospitali ya Glasgow, Joseph Lister, mkwe wa Syme, aliweka kitambaa chenye asidi ya kaboliki juu ya jeraha la mtoto aliyevunjika mguu, na jeraha lile halikuoza. Lister alichapa matokeo yake mwaka 1867. Wakati huo Livingstone alikuwa porini, na Januari ya mwaka huohuo sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa na watu waliomtoroka. Mwenyewe aliandika kwamba alihisi kama amehukumiwa kifo.

Aibu ile haikuwa ya Livingstone peke yake. Mjini London, mwaka 1835, daktari Frederick Salmon alifungua kituo chenye vitanda saba kwa ajili ya maskini wenye magonjwa ya puru ambao hospitali nyingine hazikuwataka. Ndicho kilichokuja kuwa Hospitali ya St Mark's. Salmon ndiye aliyempasua mwandishi Charles Dickens mwaka 1841. Kwa hiyo elimu ilikuwapo, na mahali pa kwenda palikuwapo, kwa yule aliyekubali kusema.

Waarabu wa Tabora nao walikuwa warithi wa elimu kongwe ya jambo hili. Yapata mwaka 1000, huko Andalusia, Abul-Qasim al-Zahrawi aliandika namna ya kufunga bawasiri kwa uzi, kuikata na kuichoma kwa chuma cha moto. Karibu miaka mia mbili baadaye, nchini Misri, tabibu Musa bin Maimun aliandika risala nzima kuhusu bawasiri, akisisitiza kwamba kabla ya kisu mgonjwa aangalie chakula chake na choo chake kiwe laini. Daktari wa leo atakwambia vivyo hivyo.

Miezi ya kungoja

Stanley alimsihi Livingstone warudi wote Ulaya akatibiwe na kupata nguvu. Alikataa. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley alishika njia ya pwani, akaahidi kumpelekea wapagazi kutoka Zanzibar. Livingstone akabaki Kwihara akiandika, akihesabu siku, akiwagawia wenye homa vidonge alivyovitengeneza mwenyewe kwa kwinini na dawa za kuharisha. Mganga huyo aliyetibu wengine hakuwa na mtu wa kumtazama yeye.

Watu wa Stanley, 57 kwa idadi, walifika tarehe 14 Agosti. Miongoni mwao alikuwapo Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya misheni Nasik, India, baada ya kukombolewa utumwani. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara uliondoka Kwihara kuelekea Ziwa Tanganyika na kusini yake. Kabla mwezi haujaisha njiani, Livingstone alikuwa amekwisha kuugua tumbo asiweze kula.

Mwanzoni mwa 1873 walikuwa katika vinamasi vya Bangweulu, katika Zambia ya leo, mvua haikatiki, wakitembea majini hadi kiunoni. Shajara yake ya Aprili inaeleza kwamba amekuwa akitokwa damu nyingi tangu siku ya mwisho ya Machi, kwamba amepauka na kuishiwa nguvu, na kwamba anatamani Mungu amjalie amalize kazi. Tarehe 21 alijaribu kupanda punda, akaanguka. Watu wake wakamtengenezea kitanda cha miti wakambeba. Asubuhi ya tarehe 1 Mei, katika kijiji cha Chitambo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Kisu cha Farijala

Hapa historia ya tiba inashikwa na mikono ya watu wetu. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa naye tangu safari zake za mito ya Zambezi na Shire, waliamua kwamba mwili utarudi kwao Ulaya. Ili usiharibike ilibidi ufunguliwe. Kati ya wapagazi alikuwapo mtu aliyeitwa Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Zanzibar na kushuhudia jinsi maiti zinavyochunguzwa. Kazi akapewa yeye, na mwenzake akamsaidia.

Walijenga ua wa miti ulio wazi juu. Wenzao wakasimama wakishika blanketi kuuzunguka mwili kwa heshima. Farijala alipasua mahali padogo, akatoa moyo na matumbo. Waliona mapafu yamekauka na yana madoa meusi na meupe. Upande wa kushoto, chini, walikuta bonge la damu iliyoganda, ukubwa wa kiganja cha mtu. Viungo vile viliwekwa katika kopo la bati vikazikwa chini ya mti, Wainwright akasoma sala ya maziko na kuchonga jina kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani siku 14, kisha ukafungwa kwa kaliko, gome la mti na kitambaa cha tanga.

Madaktari wa baadaye wamejadili sana bonge lile na maana yake. Lakini puru yenyewe, mahali damu ilipokuwa ikitokea miaka yote, haikutazamwa na mtu, si katika uhai wake wala katika mauti yake. Kama palikuwa na bawasiri peke yake, au na kinyama, au na kidonda cha kichocho, ushahidi ulizikwa Chitambo pamoja na kopo.

Msafara wa maiti ulirudi kwa njia ya Tabora. Tarehe 20 Oktoba 1873 Chuma alitangulia Kwihara na habari. Katika nyumba ileile aliyowahi kukaa Livingstone alimkuta Luteni Verney Lovett Cameron na wenzake, waliotumwa kumsaidia Livingstone, wote wakitetemeka kwa homa. Mmoja wao, William Dillon, alikuwa daktari wa jeshi la majini. Cameron alishauri mwili uzikwe hapohapo. Susi na Chuma wakakataa. Dillon alifuatana nao kurudi pwani, na Novemba, huko Kasekera, akiwa amechanganyikiwa kwa homa, alijipiga risasi akafa. Kwa kuhofia wenyeji kuzuia maiti isipite, wapagazi waliufunga mwili kama mtumba wa nguo, wakatuma mzigo mwingine wa bandia urudishwe nyuma kana kwamba ndio unaokwenda kuzikwa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Aprili hiyo, London, daktari Sir William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka thelathini nyuma, na tarehe 18 ukazikwa Westminster Abbey.

Farijala hakuhudhuria mazishi hayo. Jina lake limebaki katika mistari michache tu ya vitabu, ingawa ndiye aliyefanya uchunguzi wa maiti unaokumbukwa kuliko wowote uliofanyika bara katika karne ile, kwa elimu aliyoiokota kwa macho tu.

Tabibu wa Karema

Miaka kumi na sita baada ya Chitambo, mwaka 1889, mtu mwingine alifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara. Adrian Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe katika Sahara, kisha akasomea utabibu Malta. Alifika Karema akiwa kijana, akabaki hapo akitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa binti wa ukoo wa kitemi, na mwanawe akawa padri. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wa pande zile, Wabende, Wafipa na wengine, walikuwa na daktari Mwafrika aliyesomea kazi yake, wakati wilaya nyingi za koloni hazikuwa na daktari wa rangi yoyote.

Namtaja Atiman kwa sababu moja. Mgonjwa humweleza siri ya mwili wake mtu anayemwamini na anayeelewa lugha yake. Watu wetu wa kawaida wameuita uvimbe wa puru kwa majina ya kuzungusha, na mara nyingi umefichwa hata kwa mke au mume. Hospitali yoyote inayotaka kuutibu lazima kwanza iwe na mtu wa kumsikiliza mgonjwa bila kumdhalilisha.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikashuka mabegani mwa wapagazi. Reli ya kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Njia ya mguu ya miezi ikawa safari ya siku. Kwa mgonjwa wa Unyamwezi hospitali kubwa ilikuwa imesogea, ila ugonjwa wenyewe bado haukuonekana.

Ugali, kichocho na vinyama

Baada ya vita vya pili vya dunia, Kampala, alikuwapo daktari wa upasuaji Denis Burkitt, anayekumbukwa zaidi kwa saratani ya taya ya watoto iliyopewa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali za misheni na za serikali na kuuliza madaktari wanaona magonjwa gani. Baadaye Burkitt aliendeleza hoja iliyogusa matumbo moja kwa moja. Katika vijiji vya Afrika, alisema, bawasiri, vinyama vya utumbo mpana na saratani yake ni nadra kuliko Ulaya, na sababu kubwa ni chakula: mtama, mahindi yasiyokobolewa, kunde na mboga hukifanya choo kiwe kingi, laini na chepesi kupita.

Si kila alichosema Burkitt kimesimama, lakini msingi wa ushauri wake unafundishwa hadi leo. Na hali aliyoieleza imebadilika. Sembe nyeupe na chipsi zimechukua nafasi ya uwele na mtama hata Urambo na Nzega. Uchunguzi wa majalada ya wagonjwa wa hospitali za Muhimbili na Ocean Road, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na puru waliongezeka sana ndani ya muongo mmoja.

Zipo pia sababu zetu wenyewe. Minyoo ya kichocho cha tumbo, inayoambukizwa katika maji ya maziwa yetu, hutaga mayai ambayo hukwama katika ukuta wa puru, na mwili ukipambana nayo huota vinyama vinavyotoa damu. Watoto wadogo nao huota kinyama kimoja chenye kikonyo, kinachotoa damu nyekundu bila maumivu. Mzazi hudhani ni amiba, mtoto akapewa dawa ya amiba mara tatu, damu isikome.

Aina inayohitaji macho zaidi huitwa adenoma. Yenyewe si saratani. Hukua polepole kwa miaka, wakati mwingine ikatandaa ukutani kama uyoga uliolala, ikitoa ute na damu kidogo. Madaktari wa St Mark's, hasa Basil Morson, walionyesha katika karne ya 20 kwamba saratani nyingi za puru huanzia katika adenoma iliyoachwa. Maana yake ni kubwa: ukiitoa mapema, umezuia saratani kabla haijazaliwa.

Kupasua bila kuchana

Kuitoa namna gani? Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Puru imejificha ndani ya mfupa wa nyonga, imepakana na kibofu, na kwa wanawake mji wa mimba, na imefungwa na misuli inayozuia choo. Mjerumani Paul Kraske, mwaka 1885, aliingilia nyuma, kando ya kifandugu. Mwaka 1908 Mwingereza Ernest Miles alieleza upasuaji mkubwa wa saratani: tumbo linafunguliwa, puru yote inatolewa, na mgonjwa anaishi na mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Uliokoa wengi wenye saratani. Lakini kumfanyia hivyo mtu mwenye uvimbe usio wa saratani kulikuwa adhabu nzito mno kwa kosa dogo. Alan Parks wa St Mark's alirahisisha njia ya kupitia haja kubwa, akiudunga ukuta maji ili uvimbe uinuke ukatwe. Hata hivyo mkono na macho ya daktari havikufika mbali. Uvimbe uliokuwa juu ulibaki nje ya uwezo wake.

Wengine walihangaika na kuona. Mwaka 1806 Philipp Bozzini wa Ujerumani alitengeneza kifaa cha kutazama ndani ya mwili kwa mwanga wa mshumaa. Mwaka 1895 Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alieleza mabomba marefu ya kutazamia puru. Baadaye zikaja nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa, na mwaka 1969, New York, William Wolff na Hiromi Shinya, daktari mzaliwa wa Japani, walianza kukata vinyama vyenye kikonyo kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya bomba la nyuzi hizo, bila kufungua tumbo.

Vilibaki vile vilivyotandaa. Aliyevipatia jibu ni Gerhard Buess, daktari wa upasuaji wa Ujerumani. Alianza kazi hiyo Köln mwanzoni mwa miaka ya 1980, akamtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1983, na baadaye akaiendeleza Tübingen. Aliaga dunia mwaka 2010.

Upasuaji wake unakwenda hivi. Mgonjwa hulazwa kwa namna ambayo uvimbe utakuwa upande wa chini: ukiwa nyuma, hulala chali, ukiwa mbele, hulala kifudifudi. Akishapewa dawa ya usingizi, njia ya haja kubwa hutanuliwa taratibu, na bomba la chuma lenye upana wa sentimita 4 na urefu wa hadi sentimita 20 huingizwa na kufungwa kwenye meza ya upasuaji lisitikisike. Mdomo wa bomba huzibwa kwa kifuniko chenye matundu ya mipira. Gesi ya kaboni dioksaidi hupulizwa kidogokidogo, na puru, ambayo kwa kawaida imejikunja, hufunguka ikawa chumba. Daktari hutazama kwa darubini ya macho mawili inayokuza, huku mkasi, koleo, kifyonzi na sindano vikipita katika matundu yale.

Kwanza anaweka alama kuzunguka uvimbe, akiacha sentimita moja hivi ya nyama nzima. Kisha anakata akifuata alama, anafunga kila mshipa unaovuja, anautoa uvimbe mzima mzima, na kushona pengo. Uvimbe hubandikwa kwenye ubao kwa pini ili mpimaji wa maabara aone kingo zake zote. Juu ya ngozi ya mgonjwa hakuna mshono hata mmoja. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Damu inaweza kutoka, mshono unaweza kuachia, na wengine hushindwa kuzuia upepo au choo kwa muda. Lakini ukilinganisha na kukatwa puru nzima, tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Vifaa vya Buess vilikuwa ghali na vigumu kujifunza, hivyo kwa miaka mingi vilibaki katika hospitali chache. Mwaka 2010 Sam Atallah, Matthew Albert na Sergio Larach wa Florida walichapa njia nyepesi: kizibo laini cha plastiki badala ya bomba la chuma, na kamera na vifaa vilevile vinavyotumika katika upasuaji wa matundu madogo ya tumbo. Kwa nchi kama yetu hilo ni jambo kubwa, maana hospitali yenye vifaa vya matundu madogo haihitaji kuanza upya.

Tabora ya leo

Mkoa wa Tabora una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini, na Hospitali ya Nkinga huko Igunga, iliyoanzishwa na misheni ya Kipentekoste. Kwa mambo makubwa zaidi mgonjwa hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, au Muhimbili. Kamera za kutazama utumbo zipo katika hospitali hizo kubwa. Kinachokosekana mara nyingi kipo mwanzoni kabisa mwa njia: kituo cha afya ambako mgonjwa anasema anatokwa damu, akaandikiwa dawa bila kuguswa.

Hatua ya kwanza haidai mashine. Ni kidole chenye glavu na mafuta, na dakika mbili. Uvimbe mwingi wa sehemu ya chini ya puru hugunduliwa hivyo. Hatua ya pili ni bomba fupi na taa, kifaa rahisi ambacho kila hospitali ya wilaya inaweza kuwa nacho. Anayeonekana ana kitu ndani apewe rufaa mapema, wakati uvimbe bado ni mdogo na unatolewa kwa njia nyepesi.

Wauguzi na matabibu wa vijijini nawaomba hili: damu ikirudi baada ya dawa ya amiba au ya bawasiri kumalizwa, msiandike dozi ya pili kabla ya kuchunguza. Mweleze mgonjwa unachotaka kufanya na kwa nini, funga pazia, mwombe ruhusa. Wazazi, mtoto anayetoa damu nyekundu chooni bila kuumwa apelekwe akatazamwe.

Nawe msomaji, kama unatokwa damu, ute usio wa kawaida, au choo chako kimebadilika kwa wiki kadhaa, sema. Mwambie hata mtu mmoja unayemwamini, kisha nenda hospitali na useme tena bila kuzunguka. Livingstone alikuwa daktari, alipata ushauri wa bingwa wa zama zake, akachagua kuficha. Wewe una tiba ambayo yeye hakuwa nayo. Inachohitaji kwanza ni neno lako.